Soichiro Honda: Mwana wa mhunzi aliyewaachia wazee pikipiki wasizotaka kuuza

CHOMBO hiki tulikipa jina kwa sikio kabla ya kukitazama vyema kwa jicho. Sisi huku tulikiita pikipiki kwa kuiga mlio wa injini yake. Nao wakazi wa mji wa Hamamatsu nchini Japani, walipokisikia kikikatiza mitaani mwao muda mfupi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, walikiita batabata kwa sababu iyo hiyo.

Aliyewapigia Wajapani mlio huo ni Soichiro Honda, aliyefariki dunia mwaka wa 1991 akiwa na umri wa miaka 84. Jina lake limebandikwa kwenye matangi ya mamilioni ya pikipiki, hata wapo wanaodhani kuwa Honda ni jina la chuma tu, wala si la binadamu aliyezaliwa, akapigwa na dunia, akazeeka na kufa kama wengine.

Msomaji aliyekulia mashambani katika miaka ya sabini na themanini atakumbuka kwamba kabla ya bodaboda kuzagaa kila kona, pikipiki ilikuwa mali ya wachache: afisa wa kilimo, padri, mwalimu, karani wa chama cha ushirika. Baba yangu mdogo, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na Honda C70. Alistaafu zamani, na barabara yetu siku hizi imejaa pikipiki za kutoka India na Uchina, zenye nguvu zaidi na vipuri tele. Hata hivyo, Honda ile ingali imesimama stoo, imefunikwa gunia, na kila ajapo mnunuzi, mzee huyageuza mazungumzo yakawa ya mvua na mahindi.

Si yeye peke yake mwenye ugonjwa huo. Uingereza, Marekani na Japani kwenyewe kuna watu wazima ambao hutumia Jumamosi zao kufungua kabureta za pikipiki zilizoundwa kabla ya watoto wao kuzaliwa. Mwaka wa 2018 nchini Uingereza, mojawapo ya zile Honda CB750 za majaribio iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 160,000. Pesa hizo zingenunua pikipiki mpya za kuwatosha vijana wa steji nzima. Anayetaka kuyaelewa mapenzi ya namna hii hana budi kurejea kwa mtu mwenyewe, maadamu yeye ndiye aliyeshikwa nayo kabla ya mwingine yeyote.

Honda alizaliwa Novemba 17, 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, mkoani Shizuoka. Babake, Gihei, alikuwa mhunzi, naye mamake, Mika, alikuwa mfumaji. Wahenga walinena kuwa mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na Soichiro alianza kuvukuta mapema, uso umejaa masizi. Baadaye Gihei aliongeza kazi ya kukarabati baiskeli kuukuu na kuziuza.

Siku moja gari lilifika katika kijiji hicho. Kijana Soichiro alilikimbilia, na liliposimama aliona tone la mafuta likidondoka ardhini. Alipiga magoti, akayagusa mafuta yale, akayapaka mikononi na kuyanusa. Yeye mwenyewe aliisimulia habari hiyo hadi uzeeni, na tutairejelea harufu hiyo kabla ya makala haya kukoma.

Shuleni hakung'ara. Wanafunzi walitakiwa kupeleka ripoti nyumbani ili mzazi aipige muhuri wa familia, na kwa kuwa ripoti zake hazikupendeza, Soichiro alijichongea muhuri kutokana na mpira wa pedali ya baiskeli. Jina la Honda kwa maandishi ya Kijapani lina sura ileile kulia na kushoto, kwa hivyo hata likichongwa bila kugeuzwa, chapa yake hutoka sawa. Wenzake walipomwomba awachongee na yao, majina yao yalitoka kinyumenyume kama yanayosomwa kwenye kioo, na ujanja wote ukafichuka.

Mwaka wa 1917 rubani Mmarekani, Art Smith, alifika Hamamatsu kufanya maonyesho ya ndege. Mvulana huyo aliiba baiskeli ya babake, akaipiga pedali yapata kilomita 20 huku miguu ikiifikia kwa shida, na alipofika akakuta kiingilio kimemshinda. Alipanda mti akatazama kutoka matawini. Husimuliwa kwamba Gihei, badala ya kumchapa, alishangaa kwamba mtoto mdogo vile alikuwa amefika mbali hivyo.

Mwaka wa 1922, akiwa na umri wa miaka 15, aliondoka kijijini kwenda Tokyo kuwa mwanagenzi katika gereji iliyoitwa Art Shokai, mali ya Yuzo Sakakibara. Alitarajia kushika spana. Akakabidhiwa mtoto wa tajiri amlee. Kwa miezi kadhaa alizunguka gereji akiwa amembeba mtoto mgongoni, akichungulia injini walizokuwa wakifungua wengine. Alitamani kutoroka, lakini akaona aibu kumrudia babake mikono mitupu.

Septemba 1, 1923, tetemeko kubwa la ardhi liliangamiza Tokyo na Yokohama, na moto ukamaliza kilichobakizwa. Honda, ambaye hakuwa dereva, aliingia katika gari la mteja na kulitoa katikati ya umati uliokuwa ukikimbia ndimi za moto. Mafundi wengi walirejea makwao baada ya janga hilo. Yeye alibaki, na kwa kuwa mikono ilikuwa michache, alifundishwa kila kitu. Novemba 1924 alikuwa ameketi kama fundi msaidizi ndani ya gari la mashindano ambalo gereji hiyo ililiunda kwa kutumia injini ya ndege ya Curtiss, nalo likashinda.

Mwaka wa 1928, akiwa na miaka 21, Sakakibara alimruhusu kufungua tawi la gereji hiyo Hamamatsu. Huko alibuni spoki za chuma za kuchukua nafasi ya zile za mbao zilizokuwa zikitumika katika magurudumu ya magari, akapewa hataza na kuanza kuona pesa. Alizitumia jinsi vijana wengi huzitumia: pombe, nyimbo na magari ya mbio. Mwaka wa 1935 alifunga ndoa na Bi Sachi. Juni 7, 1936 katika uwanja wa Tamagawa, gari lake lilipinduka wakati wa mashindano. Yeye aliumia uso. Nduguye mdogo, Benjiro, waliyekuwa pamoja garini, aliumia vibaya zaidi.

Kisha akataka kuacha kukarabati vya wenzake na kuunda vyake. Aliamua kutengeneza ringi za pistoni, zile pete nyembamba za chuma zinazoziba pengo kati ya pistoni na silinda. Kinachoonekana kidogo ndicho kilichomtoa jasho. Ringi zake zilikuwa ngumu kama jiwe na hazikufaa, na mwana wa mhunzi akagundua kuwa hakuijua sayansi ya chuma alichozaliwa katikati yake. Alijiandikisha katika chuo cha ufundi cha Hamamatsu akiwa mtu mzima mwenye kampuni, akahudhuria masomo aliyoyahitaji pekee na kuipuuza mitihani, hadi wakamfukuza. Kati ya ringi 50 alizowapelekea Toyota kwa ukaguzi, 3 tu ndizo zilizofaulu. Alirudi karakanani, akajifungia mpaka akafanikiwa, na kampuni yake ya Tokai Seiki ikawa ikiwauzia Toyota, ambao baadaye walinunua sehemu ya hisa zake.

Vita viliyafuta yote hayo. Kiwanda kimoja kiliharibiwa na mabomu ya Wamarekani, na kingine, mjini Iwata, kikabomolewa na tetemeko la ardhi la Januari 1945. Japani iliposalimu amri, Honda aliwauzia Toyota kilichosalia kwa yeni 450,000, kisha akakaa mwaka mzima bila kazi, akinywa na kupiga filimbi ya mianzi. Majirani walidhani amekwisha.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka wa 1946 nchi ilikuwa imechakaa. Magari ya moshi yalijaa pomoni, petroli ilikuwa ya mgao, na akina mama walipiga baiskeli masafa marefu kutafuta mchele vijijini. Honda alikuta kwa rafiki injini ndogo iliyotumiwa na jeshi kuzalisha umeme wa redio. Aliifunga kwenye baiskeli. Tangi la mafuta la kwanza lilikuwa chombo cha bati ambacho Wajapani hutia maji moto kupasha kitanda joto. Kwa kuwa petroli haikutosha, aliichanganya na mafuta yaliyokamuliwa kutoka mizizi ya msonobari, na moshi wake ukanuka mji mzima.

Bi Sachi ndiye aliyetumwa kuiendesha mitaani ili watu waone kwamba hata mwanamke aliimudu. Alirejea nguo yake nzuri imelowa mafuta, akalalamika, na mumewe akairekebisha kabureta. Nadhani wanahistoria wa pikipiki wamempa mama huyu nafasi finyu mno. Injini zile za jeshi, yapata 500, zilinunuliwa hadi zikaisha, na hapo Honda akalazimika kuunda injini yake mwenyewe, iliyotoka mwaka wa 1947.

Kampuni ya Honda iliandikishwa rasmi Septemba 24, 1948, ikiwa na wafanyakazi 34 na mtaji wa yeni milioni moja. Mwaka uliofuata ilitoa pikipiki yake kamili ya kwanza, ya sentimita za ujazo 98, ikaitwa Dream, yaani Ndoto.

Katika mwaka huohuo wa 1949 alikutana na Takeo Fujisawa, na bila mtu huyu pengine tusingelijua jina la Honda. Mmoja alijua vyuma na hakujua hesabu. Mwingine alijua hesabu na biashara, vyuma akamwachia mwenzake. Honda alimkabidhi muhuri wake wa urais wa kampuni, ule unaoidhinisha kila hundi na mkataba, wala hakuuulizia tena. Yule mtoto aliyeghushi muhuri wa babake alikuwa amempa mtu baki wa kwake bila kutazama nyuma.

Julai 1951 walikuwa wakijaribu Dream mpya yenye injini ya mipigo minne, aina isiyohitaji petroli kuchanganywa na oili. Kijana Kiyoshi Kawashima aliiendesha kuupanda mlima wa Hakone katikati ya dhoruba, nao wakubwa wawili wakamfuata kwa gari kubwa la Buick. Pikipiki iliwaacha nyuma. Walipomkuta kileleni akiwangoja, injini haijachemka, watu wazima walikumbatiana mvuani. Msomaji alihifadhi jina la Kawashima.

Wakati huo Japani ilikuwa na zaidi ya kampuni mia moja za pikipiki. Ajabu ni kwamba kati ya zile nne zilizosalia na kutawala dunia, tatu zina mizizi yao katika eneo moja la Hamamatsu. Suzuki ilianzia huko kwa vitambaa, ikitengeneza mitambo ya kufumia. Yamaha ilianzia kwa vinanda, na haikuunda pikipiki hadi mwaka wa 1955. Ni Kawasaki pekee iliyotoka kwingine, mjini Kobe, kwa wajenzi wa meli. Kwa hivyo mzee anayeitunza Yamaha yake kama mboni ya jicho na yule mwenye Suzuki wanabishana juu ya watoto wa mtaa mmoja.

Mwaka wa 1952 Fujisawa aliandikia barua zaidi ya maduka 50,000 ya baiskeli kote Japani, akiwaomba wauze injini ndogo ya Cub, iliyokuwa nyekundu na yenye tangi jeupe, ya kufungwa kwenye baiskeli. Maelfu walijibu, na kampuni ikawa na mtandao wa wauzaji ambao hakuna mshindani aliyekuwa nao. Honda naye alitumia mamilioni ya yeni kuagiza mitambo ya kisasa kutoka ng'ambo.

Miaka miwili baadaye karibu kampuni ifilisike. Skuta yao ya Juno ilikuwa nzito na ilipata joto kupita kiasi, Dream kubwa ilisumbua kabureta, na Cub ikaacha kununuliwa. Ni katika msimu huohuo wa njaa, Machi 1954, Honda alipotangaza kwamba wangeshiriki mbio za Isle of Man, zilizokuwa kilele cha mashindano ya pikipiki duniani. Alikwenda kujionea Juni mwaka huo, huku Fujisawa akibaki nyumbani kuwabembeleza wenye benki. Alichokiona kilimvunja moyo: pikipiki za Kijerumani na Kiitaliano zilikuwa na nguvu mara kadhaa kuliko zake. Alirudi na mizigo ya minyororo, matairi na kabureta, akaanza upya.

Walichukua miaka mitano kufika. Mwaka wa 1959 Naomi Taniguchi alimaliza wa sita katika mbio za sentimita za ujazo 125, na timu ikatuzwa. Mwaka wa 1961 Mike Hailwood alishinda mbio za 125 na za 250 akiwa juu ya Honda, na katika kila moja pikipiki za Honda zilijaza nafasi zote tano za kwanza. Wazungu waliokuwa wakizicheka walizifungua injini zake na kuona kazi iliyofanana na ya mtengeneza saa.

Lakini si mbio zilizomfikishia baba yangu mdogo Honda yake. Mwaka wa 1956 Honda na Fujisawa walizuru Ulaya, na safari nzima Fujisawa alikuwa akimsihi mwenzake aunde pikipiki ndogo ambayo mke hatamkataza mumewe kuinunua. Ilipaswa kuweza kuendeshwa kwa mkono mmoja na kijana wa mkahawa aliyebeba trei ya tambi kwa mkono wa pili. Honda alilikubali fumbo hilo. Aliondoa klachi ya mkono, ikabaki gia za kukanyagwa kwa mguu. Aliufunika mnyororo. Aliweka kinga za plastiki mbele ya miguu ili tope na upepo visimfikie mwendeshaji, na akaacha nafasi wazi katikati ili mwenye sketi au kanzu apande bila kurusha mguu.

Super Cub ilitoka Agosti 1958 kwa bei ya yeni 55,000. Ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 49 tu. Fujisawa alipoutazama mfano wake alitabiri kuuza 30,000 kila mwezi, na waliomsikia walidhani amekosea akasema mwezi badala ya mwaka. Kufikia mwaka wa 2017 pikipiki za ukoo huo zilizoundwa zilikuwa zimefika milioni 100. Hakuna chombo kingine chenye injini kilichowahi kuundwa kwa wingi kama huo.

C70 ya nyumbani kwetu ni ya ukoo huo. Mwalimu aliipanda akiwa amevaa suti, akafika shuleni suruali haina tone la tope hata wakati wa masika. Ilikunywa petroli kidogo kama kuku anywavyo maji, na ilipogoma, aliyekuwa na spana mbili na kipande cha msasa wa kusafishia plagi alimaliza kazi barabarani. Hapo ndipo penye siri ya mapenzi ya wazee hawa. Chombo kilikuwa kigumu kuharibika na chepesi kueleweka. Mwenyewe alikijua ndani na nje.

Kwa walio na vifua vipana, kumbukumbu ni ya CB750. Ilionyeshwa Tokyo Oktoba 1968 na kuuzwa mwaka uliofuata: silinda nne zilizopangwa safu moja, nguvu za farasi 67, breki ya diski gurudumu la mbele, kitufe cha kuwashia, na mwendo wa kukaribia kilomita 200 kwa saa. Pikipiki kubwa za Waingereza wakati ule zilitikisa meno na kuacha madoa ya oili mahali zilipoegeshwa. Hii haikudondosha. Kampuni haikuamini kwamba ingenunuliwa kwa wingi, hivyo vifuko vya injini za kwanza, yapata 7,000, viliundwa kwa kalibu za gharama nafuu, na leo wakusanyaji huzisaka hizo kama dhahabu. Husemekana kuwa Honda mwenyewe alipouona mfano wake alishangaa ni nani angethubutu kulipanda dubwana lile.

Si vyema sifa zikafunika lawama. Honda alikuwa mtu wa hasira. Alirusha spana, alizaba watu makofi mbele ya wenzao, na wafanyakazi walimpachika jina la Radi. Wengi walimsamehe kwa sababu alilala karakanani nao na mikono yake ilikuwa na makovu kuliko yao, lakini kofi ni kofi.

Ukaidi huo ulikuja kumgharimu alipoingia katika magari. Honda aliamini kwamba injini bora ni ile inayopozwa kwa upepo, kama ya pikipiki, isiyo na rejeta wala maji. Ndivyo alivyozijua injini, na ndivyo alivyozipenda. Mwaka wa 1968 kampuni iliingiza gari la aina hiyo katika mbio za Formula One nchini Ufaransa, licha ya wasiwasi wa baadhi ya waliolijua. Jo Schlesser, dereva Mfaransa, alipoteza mwelekeo mvuani, gari likawaka moto naye akafa papo hapo. Mwaka uliofuata gari la barabarani la Honda 1300, lililopozwa kwa upepo, lilitoka likiwa ghali, zito na lisilonunuliwa kama ilivyotarajiwa.

Wahandisi vijana walijua kwamba sheria mpya za moshi zilizokuwa zikitungwa Marekani zisingetimizwa bila kupoza injini kwa maji. Hakuna aliyeweza kumwambia mzee akasikia. Walimwendea Fujisawa, naye akamuuliza mwenzake swali moja, iwapo alitaka kuwa rais wa kampuni au fundi. Honda alinyamaza kitambo, kisha akachagua kuwa rais. Vijana wakaruhusiwa kutumia maji.

Matokeo yake yalikuwa injini ya CVCC ya mwaka wa 1972, ya kwanza kutimiza masharti hayo ya Marekani, nayo ikaingia katika gari la Civic. Honda alishangilia kwamba sasa wangewapita wakubwa wa Detroit. Wahandisi wake hawakufurahia kauli hiyo. Wao waliona kwamba walikuwa wakifanya kazi hiyo ili watoto wao wavute hewa safi, wala si kwa ajili ya kumshinda mtu. Honda alikiri baadaye kwamba hapo ndipo alipotambua kuwa fikira zake zimepitwa. Wangapi wanaokalia viti vikubwa hulitambua hilo, na wakilitambua huondoka?

Oktoba 1973, akiwa na miaka 66, alistaafu siku moja na Fujisawa. Kiti kilimwendea Kawashima, yule kijana wa mlima wa Hakone, aliyekuwa na miaka 45. Hakumpisha mwanawe wala nduguye. Honda alishikilia kuwa kampuni si mali ya ukoo ingawa inabeba jina la ukoo.

Baada ya kustaafu alizunguka Japani nzima, akiingia viwanda vya kampuni na vibanda vya wauzaji zaidi ya 700, baadhi vikiwa na watu wawili au watatu, ili kumpa kila mfanyakazi mkono wa shukrani. Katika mojawapo, kijana aliyekuwa akifungua injini alitaka kukimbia akanawe kwanza kwa kuwa viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa oili. Mzee alimzuia. Aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili, kisha akainusa oili iliyombaki viganjani kwa furaha.

Fujisawa alitangulia kuaga dunia, Desemba 1988. Mwaka wa 1989 Honda aliingizwa katika jumba la mashuhuri wa magari nchini Marekani, Mjapani wa kwanza kupewa heshima hiyo. Alifariki mjini Tokyo Agosti 5, 1991 kutokana na maradhi ya ini. Alikuwa ameagiza kusifanywe mazishi makubwa ya kampuni, kwa kuwa mtu aliyeishi kwa kuunda magari hafai kuwasababishia wenzake msongamano barabarani.

Mei 2025 kampuni yake ilikomesha uundaji wa Super Cub ya sentimita za ujazo 50 nchini Japani kutokana na sheria kali zaidi za moshi, ingawa wadogo zake wenye injini kubwa kidogo wangali wanaundwa. Nilimpelekea baba yangu mdogo habari hiyo. Aliisikiliza, akaenda stoo, akaondoa gunia na kuipiga teke C70. Ilikataa mara tatu, ikaitika mara ya nne, moshi wa buluu ukajaa ua mzima na kuku wakatawanyika. Moshi wa rangi hiyo ni dalili kwamba oili inapenya hadi ndani ya silinda. Tangu siku hiyo anasaka ringi za pistoni, na ameshapitia maduka matatu bila mafanikio.